Paka wa Sokoke: umbo lake, tabia zake na namna ya kumtunza, hata ukiwa Isiolo

Yuko paka ambaye jina lake ni la Pwani na asili yake ni ya Pwani, lakini wanaomjua zaidi wako Denmark, Uingereza na Marekani. Huko ana hati za ukoo zinazotaja baba, mama, babu na bibi. Hupelekwa kwenye maonyesho, na majaji wakampima masikio na mkia kwa kanuni zilizoandikwa. Kwao, watoto wengi hupita kando yake bila kujua kwamba ni paka mwenye jina duniani.

Nimeletwa kwenye mada hii na maswali ya majirani. Kazi imenileta Isiolo, na mtu wa Pwani akikaa huku hugeuzwa mjuzi wa kila kitu cha bahari. Nimeulizwa Bulla Pesa, nimeulizwa Kulamawe: huyo paka wa Sokoke ni kweli yuko? Anaweza kuishi katika joto na vumbi la huku? Na wale paka wenye milia wanaoonekana usiku karibu na mbuga, si ndio hao hao? Diploma yangu si ya udaktari wa mifugo, lakini ni mfugaji wa paka wa miaka mingi, na mambo haya yanajulikana. Nitayapanga moja baada ya jingine, ili hata ndugu zetu wa Kilifi, Malindi na Lamu wayapate.

JINA NA CHANZO

Jina linatokana na msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio msitu mkubwa uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo wamo viumbe adimu sana, kama bundi mdogo wa Sokoke aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1966, na sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu.

Wagiriama wanaoishi kando ya msitu walimjua paka huyu zamani. Wao humwita khadzonzo, jina linalohusishwa na gome la mti kwa sababu ya mabaka yake. Ukimuona amelala juu ya tawi utafahamu kwa nini, maana utamtazama mara mbili kabla hujamtofautisha na mti.

Dunia ya wafugaji wa paka wa ukoo ilimjua mwaka 1978. Mwaka huo Jeni Slater, mama aliyekuwa na shamba karibu na Watamu, alikuta watoto wa paka wenye mabaka asiyoyazoea. Akachukua wawili, dume na jike, akawalea ndani ya nyumba. Walipokua wakazaa, na watoto wakatoka na mabaka yale yale. Hapo akajua kwamba sura ile ni ya ukoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafiki yake, Gloria Moeldrup, aliwapeleka baadhi yao kwao Denmark, na huko ukoo ukaanza kuandikwa. Mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, likamtambua rasmi kwa jina la Sokoke. Baadaye mashirika mengine, likiwemo TICA la Marekani, nayo yakamtambua.

Kwa kuwa ukoo wa mwanzo ulitokana na paka wachache mno, wafugaji waliingia hofu ya kuzalisha ndugu kwa ndugu. Ndiyo sababu baadaye walirudi tena Kenya kutafuta paka wengine wa eneo lile lile ili kuongeza damu mpya. Hata hivyo Sokoke hadi leo ni miongoni mwa paka wa ukoo walio wachache kabisa duniani.

NI PAKA WA MWITUNI AU WA NYUMBANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Sokoke ni mnyama wa mwituni, au ni mchanganyiko wa paka wa nyumbani na paka pori. Utafiti wa vinasaba uliofanywa na mtaalamu Leslie Lyons na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ulionyesha habari nyingine. Sokoke ni paka wa nyumbani, na damu yake iko karibu na ya paka wa kawaida wa pwani ya Kenya, wakiwemo wa Lamu na Pate. Na paka hao wote wanaelekea upande wa jamaa ya paka wa Asia.

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi. Kila jahazi lililobeba tende, mchele na nguo lilibeba panya, na kila nahodha mwenye akili alibeba paka. Inaelekea wazee wa Sokoke walishuka bandarini kama walivyoshuka wageni wengine, wakazaliana, na baadhi yao wakaingia msituni wakaishi kwa kuwinda. Kwa hiyo ni paka shume wa zamani, ambao msitu uliwatenga na wenzao kwa muda hadi sura yao ikawa ya aina moja.

UMBO LAKE

Sokoke ni paka wa ukubwa wa wastani, mwembamba lakini mwenye misuli. Kwa kawaida uzito wake ni kati ya kilo 3 na 5, na dume humzidi jike. Alama za kumtambua ni hizi:

Miguu. Ni mirefu na myembamba, na ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele. Kwa ajili hiyo mwendo wake ni kama wa mtu anayenyata kwa ncha za vidole.

Kichwa. Ni kidogo ukikilinganisha na mwili, na paji la uso limelala karibu bapa. Masikio ni makubwa kiasi na yamesimama wima, kama ya mnyama anayesikiliza kila wakati.

Macho. Yana umbo la lozi, na rangi yake ni kuanzia kaharabu hadi kijani hafifu. Yamezungukwa na mstari mwembamba unaoyafanya yaonekane kama yamepakwa wanja.

Manyoya. Ni mafupi sana, yamelala juu ya mwili na yanang'aa, lakini si laini kama hariri. Manyoya ya ndani, yale mepesi ambayo paka wa nchi za baridi wanayo kwa wingi, kwake ni machache au hayapo kabisa.

Rangi na mabaka. Rangi ni kahawia, kuanzia hafifu kama mchanga hadi iliyokolea. Juu yake kuna mabaka mapana yaliyojiviringa, na ndani ya mabaka hayo mna vinyweleo vya rangi mbili vinavyoyafanya yaonekane kama yamepauka katikati. Hiyo ndiyo sura ya gome la mti. Mkia ni mrefu, unachongoka kuelekea mwisho, na ncha yake ni nyeusi.

TABIA ZAKE

Kwanza, hatulii. Ni paka wa kupanda. Kabati, pazia, mti wa mwarobaini uani, vyote kwake ni ngazi. Anayetaka paka wa kulala juu ya mto siku nzima na atafute wa aina nyingine.

Pili, hushikamana na watu wake. Wanaomfuga husema kwamba hufuata wenye nyumba chumba hadi chumba, na hujua mtu akiwa na hasira au huzuni. Lakini kwa mgeni huwa mwangalifu. Si paka anayependa kubebwabebwa na kila anayekuja kupiga hodi.

Tatu, familia yake imeshikana. Paka dume wengi hawajali watoto. Dume la Sokoke limesifiwa na wafugaji kwa kukaa na jike na watoto, na mama huchukua muda mrefu kuwaachisha wanawe. Kwa sababu ya mshikamano huo, kumtenganisha ghafla na mwenziwe aliyemzoea ni kumpa dhiki. Na anayeondoka nyumbani asubuhi na kurudi Isha ni bora afuge wawili, au asifuge.

USIMCHANGANYE NA PAKA PORI WA ISIOLO

Sasa nijibu swali la majirani zangu. Yule paka mwenye milia anayeonekana upande wa Buffalo Springs, Shaba na Samburu si Sokoke. Huyo ni paka pori wa Afrika, mnyama wa mwituni, ndiye jamaa wa mababu wa paka wote wa nyumbani duniani. Utamtambua kwa rangi yake ya kijivu au ya mchanga yenye milia hafifu, wala hana mabaka yaliyojiviringa. Nyuma ya masikio yake pana wekundu, miguu yake ni mirefu, na mkia wake una pete nyeusi na ncha nyeusi.

Kwa hiyo mtu akikujia na mtoto wa paka aliyemtoa porini, akakwambia ni Sokoke na akakutajia bei, usimchukue. Mnyama huyo analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa. Zaidi ya hapo, hafugiki. Mtoto atakuwa mzuri miezi michache, kisha akikua atakuwa mkali na atatoroka. Ukimkuta mtoto wa paka pori peke yake, mwache alipo, kwani mara nyingi mama yake yuko karibu. Ukimuona ameumia, wajulishe maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Na kuna hatari ya upande wa pili. Jambo linalomtisha paka pori kuliko yote si simba wala mkuki, ni paka wetu wa nyumbani. Wakikutana huzaliana, na kizazi baada ya kizazi damu ya paka pori hupotea. Mji wa Isiolo uko jirani na mbuga tatu. Kila dume la mtaani linalozurura bila kuhasiwa linaweza kuwa sehemu ya tatizo hilo.

NAMNA YA KUMTUNZA

Yafuatayo yanamhusu Sokoke, lakini yanamfaa pia paka yeyote wa mtaani uliye naye.

Chakula. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake unahitaji kiini kiitwacho taurini, kilichomo kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu hupata upofu na ugonjwa wa moyo. Ugali kwa mchuzi, au wali wa jana, hushibisha tumbo tu. Mpe nyama, moyo, figo, na maini kidogo tu, vikiwa vimechemshwa bila chumvi wala viungo. Ukiwa Pwani, samaki ni sawa akiondolewa miba na kupikwa, ila asile samaki peke yake kila siku. Chakula cha mbwa hakimtoshi. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwake, hivyo mabaki ya pilau na biriani yasimfikie.

Maziwa. Huku Isiolo maziwa ya ngamia hayakosekani, na watu hudhani paka na maziwa ni ndugu. Paka mkubwa mara nyingi hawezi kuyameng'enya na huishia kuhara. Anachohitaji ni maji safi kila siku, hasa katika joto la huku. Weka chombo zaidi ya kimoja, kivulini.

Joto na baridi. Sokoke ni mtoto wa joto, kwa hiyo mchana wa Isiolo hautamshinda akipata kivuli na maji. Tatizo ni usiku wa upepo, hasa miezi ya Juni hadi Agosti. Hana manyoya ya ndani ya kumkinga, hivyo mpe sanduku lenye shuka kuukuu mahali pasipopita upepo.

Manyoya. Hapa hana usumbufu. Kumpitishia kitambaa chenye unyevu au brashi laini mara moja kwa wiki kunatosha. Angalia masikio kama yana uchafu mweusi, maana huo mara nyingi huwa ni utitiri.

Dawa zinazoua. Naomba mahali hapa pasomwe mara mbili. Usimpe paka Panadol. Kidonge kimoja tu cha dawa hiyo kinaweza kumuua. Na wafugaji wa mbuzi na ng'ombe, dawa ya kupe mnayoogeshea mifugo, yenye amitrazi au permethrini, msimpake paka. Kile ambacho mbuzi hakihisi, paka humtetemesha mwili mzima na kumuua. Mnunulie dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Tena panya aliyekufa kwa sumu akiliwa na paka, na paka naye yumo hatarini.

Chanjo. Mtoto wa paka huanza chanjo za magonjwa ya paka akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na umri wa karibu miezi 3, kisha hurudiwa kama atakavyoelekeza daktari wa mifugo. Wengi hufikiri kichaa ni cha mbwa tu kwa sababu ya jina, lakini paka pia hukipata na hukiambukiza. Serikali iliweka mwaka 2014 mpango wa kukimaliza kichaa nchini ifikapo 2030, na hautatimia tukiwasahau paka. Ukikwaruzwa au kuumwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona dalili, kwa kuwa dalili zikishaonekana hakuna tiba.

Usafi. Sanduku la mchanga lisafishwe kila siku. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, kwani kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni. Asilazimike kumfukuza paka, ni kuepuka kinyesi na kunawa mikono tu.

Kuhasi. Kama hukusudii kuzalisha ukoo kwa utaratibu, mpeleke paka wako kwa daktari wa mifugo, dume au jike. Utapunguza makelele ya usiku, mapigano, na watoto wanaotupwa jalalani.

KUMNUNUA NA KUMUUZA

Swali hili kwetu Waislamu huja kila mara. Kuna hadithi ya Jabir, iliyopokewa na Imam Muslim, inayokataza thamani ya paka. Baadhi ya wanazuoni, akiwemo Ibn al-Qayyim, waliichukua kwa dhahiri yake wakaharamisha. Wengi, na ndiyo kauli ya madhehebu manne, wameruhusu kumuuza paka mwenye manufaa. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa zetu za Kishafii, alisema katazo ni la paka wa mwituni asiye na manufaa, au ni la kuchukiza bila kuharamisha, ili watu wazoee kupeana. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Kuhusu twahara yake hakuna tabu, kwani Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani.

Ama kwa pesa zako, jua hili: Sokoke wa kweli, kwa maana ya biashara hiyo, ni yule mwenye hati za ukoo kutoka shirika linalotambulika. Paka mwenye mabaka aliyechukuliwa kijijini Gede au Watamu huenda ni jamaa yake wa karibu, na ni paka mzuri, lakini asiuzwe kwa bei ya hati asizokuwa nazo.

KILICHO HATARINI

Sokoke wa Ulaya ana daftari linalolinda ukoo wake. Khadzonzo wa kwetu hana. Kadiri mashamba na nyumba zinavyosogelea msitu, ndivyo paka wa kila aina wanavyofika, na mabaka ya gome la mti huchanganyika na kupotea. Miti ikikatwa kwa makaa na mbao, kile kilichomtenga na kumpa sura yake kinakwenda pia. Tunaweza kufika mahali ambapo Sokoke wote watakuwa wageni wa nchi za watu, na Sokoke yenyewe haina hata mmoja.

Mfano wa kufanya vizuri tunao pale pale. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, ulioko Gede, umewawezesha wanavijiji wa kando ya msitu kufuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi. Mtu mwenye kipato kinachotokana na mti uliosimama hana haraka ya kuukata. Jina la Sokoke limeshatembea dunia nzima bila sisi kulilipia tangazo. Kaunti ya Kilifi, makumbusho na shule za eneo hilo zinaweza kuanza na mambo madogo: kumpiga picha na kumhesabu khadzonzo aliyebaki vijijini, kuwasaidia wenye naye wampatie chanjo, kuwafundisha watoto jina lake kwa Kigiriama na historia yake. Wazee wanaomkumbuka bado wapo. Waulizwe sasa.

Na sisi wa Isiolo tuna wetu wa kumlinda, paka pori wa Shaba na Buffalo Springs. Yeye haombi tumfuge. Anaomba tumwache porini, na tuwafunge kizazi hawa wetu wa nyumbani wasimfuate huko.